Tisa Mahali pa Tatu

Nyanjura mwanangu,

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji ya kunywa na ya kutomwachia mtu sanduku stendi, baba yako amekwisha kukuambia na shangazi yako amerudia. Wewe si mtoto wa kuambiwa mara tatu, kwa hiyo nayaruka. Sasa ni jioni na jua bado lipo. Nyumba imetulia kwa sababu mmekwenda wote Mukendo kuaga watu wa mashine ya kusaga. Nimekaa kwenye meza ninayosahihishia madaftari, na nimechukua karatasi safi ambazo hazijaandikwa kitu nyuma. Huko mbele utaona kwa nini nataja habari ya karatasi.

Sanduku lako nimeliona. Sikulipekua, lilikuwa wazi na mimi nilikuwa naweka sabuni. Juu ya nguo umeweka bahasha mbili, ile ya fizikia kutoka Dar es Salaam na ile ya chuo cha samaki cha Mwanza. Chini yake umeweka lile faili langu la kijani ambalo nilidhani liko darini linaliwa na panya. Umebandika kikaratasi juu yake: "Kumalizia kazi ya Mama." Nilikaa kidogo kitandani kwako. Halafu nikaweka sabuni, nikatoka.

Kazi hiyo haimaliziki, Nyanjura. Ina kosa, na kosa hilo nimelijua tangu hujazaliwa. Naanza na jambo lenyewe ili usisome kurasa zote huku moyo unakudunda ukidhani kuna mtu anaumwa. Yanayofuata ni maelezo.

Hadithi unayoijua wewe ni ya baba yako. Umeisikia mara nyingi kuliko sala ya kabla ya kula. Akija mgeni, akishapewa maji, baba yako ataanza: "Huyu mama mnayemwona hapa alikuwaga anahesabu mambo ya atomiki huko chuo, mpaka wazungu wanashangaa. Akaacha yote sababu ya huyu mtoto." Kisha anakuonyesha kwa kidole, mgeni anakutazama, na wewe unatazama chini. Anaisema kwa kujivuna, maskini, na hajui kwamba si kweli. Mimi sikumkatiza hata siku moja. Nilikuwa nainuka kwenda kuangalia jiko.

Acha nikueleze kwanza kazi yenyewe ilikuwa nini, maana hujawahi kuniuliza na mimi sijawahi kukuambia.

Kiini cha atomu ni protoni na neutroni zilizobanana. Viini vya kweli ni vidogo na vina ukingo, na ukingo huo unasumbua sana kwenye hesabu. Kwa hiyo watu wa nadharia hufikiria maada ya kiini isiyo na ukingo: protoni na neutroni sawa kwa sawa, umeme wa protoni umezimwa, zimeenea pande zote bila mwisho. Maada hiyo haipo popote. Unaiwaza tu, halafu unaiuliza maswali mawili. La kwanza, ukiiacha yenyewe itabanana mpaka wapi kabla ya kukataa? La pili, kila chembe imeshikwa na wenzake kwa nishati kiasi gani, yaani ukitaka kuing'oa itakugharimu nini? Majibu yanajulikana tayari, kwa sababu viini vya kweli vimepimwa maabara. Wewe unaanza na nguvu iliyopo kati ya chembe mbili, unapiga hesabu, unaona kama utayafikia majibu yote mawili kwa wakati mmoja.

Lile la kwanza mimi nililiita shibe. Kiini hushiba. Ukiongeza chembe kinakuwa kikubwa zaidi, lakini hakibanani zaidi, kwa sababu kila chembe inawashika jirani zake tu, na jirani akisogea mno anasukumwa. Ni kama watu kwenye benchi la kanisa siku ya Krismasi: wanasogeleana, wanasogeleana, mpaka mifupa inagusana, na hapo hakuna wa kumwambia mwenzake asogee tena.

Nilipomweleza bibi yako kule Bugwema, alikuwa anamenya mihogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa lugha yetu, "Kitu hakina mwisho, halafu hakipo. Na hao watu wanakulisha?"

"Wananilisha, mama."

"Basi hesabu."

Shida ya hesabu ile ilijulikana dunia nzima. Ukipata mshikamano ulio sahihi, maada yako inabanana kupita kiasi. Ukipata mbanano ulio sahihi, mshikamano unakuwa hafifu. Watu wa nchi zenye kompyuta kubwa walikuwa wanazunguka hapo hapo kwa miaka. Sisi kompyuta ya chuo ilikuwa imesimama inasubiri kipuri, kama vile mashine ya baba yako ya kusaga ilivyokuwa imesimama huku Musoma inasubiri mkanda. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari kwa kibali, sabuni kwa kujuana. Karatasi nazo hazikuwepo. Tulikuwa tunaandika nyuma ya mitihani ya zamani, na ili karatasi itoshe tulibananisha mistari miwili mahali pa mmoja. Kikokotozi cha maana kilikuwa kimoja kwa wanafunzi watano, tunakipokezana kwa zamu. Zamu yako ikipita, unasubiri wiki.

Kwenye hesabu ile kila namna ya chembe mbili kukutana ina mstari wake, na kila mstari unazidishwa kwa namba yake, kutegemea kukutana huko kunaweza kutokea kwa njia ngapi. Kuna mstari mmoja wa msukumano ambao namba yake ni tatu. Mstari uliokuwa juu yake namba yake ilikuwa tisa. Mistari ilikuwa imebanana, wino wa mtihani wa watu ulikuwa unaonekana kutoka upande wa pili, na mimi nikaandika tisa kwa yote miwili. Hilo ndilo kosa. Hata mtoto wa darasa la nne angeweza kulifanya.

Ningepata jibu la hovyo ningerudi nyuma nikalitafuta. Bahati mbaya nilipata jibu zuri. Nguvu niliyoanza nayo ilikuwa laini mno; ikiachwa yenyewe, maada inashikana kupita kiasi na kubanana kupita kiasi. Ule msukumano wa uongo ulikuwa unaongezeka kila maada inapobanana, kwa hiyo uliirudisha nyuma. Nilipochora, mchoro ulishuka, ukafika chini, ukaanza kupanda, na pale chini kabisa palikuwa ndipo panapotakiwa, kwa mbanano na kwa mshikamano pia. Nilikaa nikautazama mchoro ule kwa muda mrefu nikijiona mtu. Nilikuwa na umri uliozidi wako kwa miaka mitano tu.

Msimamizi wangu alikuwa mzee mpole asiyesifu kitu. Alivua miwani, akautazama mchoro kwa karibu, akasema, "Rudia hesabu yote mara moja, kisha tuandike."

Zamu yangu ya kikokotozi ilikuwa imepita. Baada ya siku mbili nikamwambia nimerudia na jibu ni lile lile. Sikuwa nimerudia. Ile tisa ilikuwa bahati mbaya, na mtu hawezi kulaumiwa kwa bahati mbaya. Neno "nimerudia" nililisema kwa mdomo wangu, mchana, nikiwa nimesimama mlangoni kwake na akili zangu timamu.

Likizo ikafika, nikaja Bugwema. Hapo ulikuwa tumboni, miezi mitatu. Naomba usome sehemu hii polepole, maana hapa ndipo hadithi ya baba yako inapoachana na ukweli. Sikuwa na mpango wowote wa kuacha chuo kwa ajili yako. Baba yako alikuwa amekwisha kuja kujitambulisha nyumbani. Bibi yako alikuwa amekubali kukulea mpaka nimalize. Alikuwa ametenga hata mbuzi wa maziwa na amekataa kumuuza mnadani. Kila kitu kilikuwa kimepangwa, na kwenye mpango ule wewe hukuwa kizuizi cha mtu yeyote.

Nilikuwa nimekaa uani, mihogo imeanikwa pembeni, nimeweka karatasi zangu magotini ili hatimaye nirudie ile hesabu niliyosema nimerudia. Sikuhitaji hata kikokotozi. Nilishuka mstari kwa mstari kwa kidole, nikafika kwenye tisa, nikaona. Nikaweka tatu mahali pake, nikakadiria kwa kichwa, na mchoro wangu wote ukaporomoka kwenda kule kule walikokwama wengine. Bibi yako akauliza kama mtoto ananisumbua tumboni. Nikasema ndiyo.

Jibu lile la kumjibu bibi yako nililiona linafaa, nikaendelea nalo. Wiki hiyo hiyo niliandika chuoni: nina mimba, nyumbani hali ni ngumu, naomba kuahirisha masomo. Ilikuwa barua ya mistari minne na haikuwa na neno hata moja la uongo ndani yake. Bado sijawahi kuandika kitu cha uongo kuliko barua ile. Walinijibu kwa huruma, wakanitakia heri mimi na mtoto. Kuahirisha kukawa mwaka, mwaka ukawa miwili, kisha nikaanza kufundisha Bunda na watu wakaacha kuuliza. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, na nikaendelea kuficha.

Msimamizi wangu alikuwa amekwisha kuondoka na mchoro wangu kwenda kwenye mkutano wa wanafizikia nje ya nchi. Huko mtu alijaribu kuipiga upya hesabu yetu, ikakataa. Aliniandikia akiomba karatasi za kazi. Nikaiweka barua yake chini ya godoro. Akaniandikia tena, kwa upole ule ule. Alisema amewaambia wenzake kwamba kosa huenda ni lake, labda alinakili vibaya, na kwamba nisijisumbue sana, nilee mtoto. Hakuandika tena. Baadaye nilisikia kwamba hakuwahi kualikwa tena kwenye mikutano ile, na kwamba alifundisha mwaka wa kwanza mpaka akastaafu. Nilimwachia mzee wa watu abebe tisa yangu. Niliona aibu wakati ule, na hadi leo naiona.

Bunda nilijifunza kuwa mwalimu mbaya kwa namna moja. Mwanafunzi aliponionyesha kosa ubaoni nilikuwa nasema, "Nilifanya makusudi, nilikuwa nawapima." Darasa linacheka, kijana anakaa akijiona shujaa, na mimi nimepona. Siku moja msichana mmoja wa kidato cha tatu, Mjita mwenzetu, mkavu kama wewe, akasema, "Mwalimu, ukikosea kweli huwa unasemaje?" Nilimwambia afute ubao. Tangu hapo nikikosea nasema nimekosea, na nimegundua kwamba darasa haliporomoki. Inachukua kama sekunde tatu hivi. Miaka yote ile nilikuwa naogopa sekunde tatu.

Serikali ilipofungua soko, vitu vikaanza kuja, mashine ya baba yako ikapata mkanda na karatasi zikajaa madukani mpaka watu wakafungia vitumbua. Kwenye marundo ya vitabu vya mitumba nikaokota kimoja cha fizikia ya viini, kimekatika jalada. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Humo wanaeleza kwamba nguvu ya chembe mbili mbili peke yake haitoshi. Zikikaribiana tatu kwa pamoja inatokea nguvu nyingine, inayosukuma, na inazidi kadiri maada inavyobanana. Hicho ndicho kilichokuwa kinakosekana. Wengine walikuwa wameanza kulisema jambo hilo hata wakati ule wetu. Unaona ilivyokuwa? Kosa langu lilikuwa linafanya kazi ya kitu cha kweli ambacho hesabu yangu haikukiweka. Ningekwenda kwa yule mzee nikamwambia, "Nilikosea, niliweka tisa, na angalia kosa linatoa nini," tungekuwa na swali zuri kuliko jibu lolote tulilokuwa tunalitafuta. Nadhani angevua miwani tena. Nilizika swali pamoja na kosa, na swali halikuwa na hatia.

Haya yote ningeweza kufa nayo. Mtu mmoja zaidi aliyekufa na siri yake si habari. Kinachoniandikisha ni wewe.

Unakumbuka harusi ya Butiama, ulipokuwa na miaka kumi hivi? Baba yako aliisimulia hadithi yake mbele ya ukoo mzima, na shangazi mmoja akakushika kidevu akasema, "Kumbe wewe ni mtoto wa gharama." Watu wakacheka. Baadaye nilikukuta nyuma ya nyumba unaosha masufuria ya harusi, yale makubwa, peke yako, hujatumwa na mtu. Ulikuwa umelowa mpaka kifuani. Nikajua unalipa. Nilitakiwa kukuambia pale pale. Nilichukua sufuria moja tukaosha pamoja, nikajidanganya kwamba hilo ni jibu.

Na kidato cha nne, tunakula, ukaniuliza, "Mama, ningekuwa sijazaliwa ungekuwa profesa?" Nikakwambia ule, ugali unapoa.

Tangu hapo umekuwa ukisoma fizikia kama mtu anayechota maji ya nyumba ya jirani. Unafaulu, sikatai, una kichwa. Lakini nimekuona pia ulivyo na furu wako, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Nimekuona unavyokwenda ziwani alfajiri kabla wavuvi hawajawatupa wadogo, unavyowapanga kwenye chupa zenye spiriti ya baba yako, unavyogombana na wazee wa Kitaji kwamba yule si yule, mapezi yake ni tofauti. Mwaka jana ulikuja umekasirika mpaka huwezi kula kwa sababu aina moja hujaiona miezi sita na unaona sangara amewamaliza. Kwa fizikia hujawahi kukosa kula.

Sikwambii ushuke Mwanza. Huenda fizikia unaipenda kweli na mimi sijakusoma vizuri; nimekwisha kukuonyesha kwamba huwa sirudii hesabu zangu. Ninachokuambia ni kwamba uchaguzi ule ni wa bahasha mbili tu. Faili la kijani limo humo kimakosa, na halidai kitu.

Kwenye faili nimetia wino mwekundu, ukurasa wa kumi na nne. Nimekata tisa, nimeandika tatu, nimeweka sahihi na tarehe ya leo. Msimamizi wangu nimemwandikia asubuhi, kwa anwani ya zamani. Kama yu hai itamfika, kama hayupo watasoma wanawe. Baba yako nitamwambia leo akirudi. Atakasirika, kisha ataniuliza sasa awe anawaambia nini wageni. Nitamwambia awasifu mkanda mpya wa mashine.

Barua za namna hii mzazi humpachika mtoto mkononi wakati basi limekwisha washwa, ili mtoto aisome akiwa amefika Bunda na mzazi amekwisha rudi nyumbani kwake. Nami niliwaza hivyo hivyo. Kisha nikaona itakuwa ni kujificha tena, safari hii nyuma ya basi, baada ya miaka karibu ishirini ya kujificha nyuma ya mtoto wangu. Kwa hiyo nitakupa asubuhi, ukinywa chai, wakati baba yako ametangulia stendi na sanduku kwenye baiskeli. Unaposoma mstari huu mimi nimekaa mbele yako, upande wa pili wa meza, na sina jiko la kwenda kuangalia. Hukunizuia kitu, Nyanjura. Hukuwahi kunizuia kitu chochote. Inua macho uniulize unalotaka.

Mama yako